Sumaku, Mkaa na Jiwe Jeusi: Namna ya Kupima Usumaku wa Miamba ya Volkano kwa Joto

Chukua kipande cha jiwe jeusi la volkano, lile wanalojengea misingi ya nyumba Arusha, Tukuyu au Goma, ukisogeze taratibu karibu na dira. Mara nyingi sindano itatikisika. Ndani ya jiwe hilo mna punje za madini yenye chuma, nyingi ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, na hizo ndizo zinazoivuta au kuisukuma sindano. Ukilitia jiwe motoni, nguvu hiyo hupungua, kisha hutoweka likifika joto fulani. Jiwe likipoa, nguvu hurudi, ila mara nyingi hairudi kama ilivyokuwa.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa fizikia au jiografia, mwanafunzi wa jiolojia, na yeyote aishiye karibu na mlima wa moto ambaye anataka kuyaona mambo haya mwenyewe. Sehemu ya kwanza inahitaji vifaa vya nyumbani tu. Sehemu ya mwisho ni ya atakayebahatika kupeleka sampuli maabara na kuletewa grafu asiyojua aanzie wapi kuisoma. Katika zote mbili shika jambo moja: angalia jiwe linapopoa. Wengi hupima jiwe linapopata moto, wakishaona usumaku umekwisha hufunga daftari. Nusu ya habari, tena ile nusu iliyo bora, huwa haijaanza kusimuliwa.

Kwa nini joto huua usumaku

Kila atomi ya chuma ni kama kisumaku kidogo. Katika madini ya magnetaiti, visumaku hivyo vimeshikana katika makundi mawili yanayoelekea pande zinazopingana, lakini kundi moja lina nguvu kuliko jingine, na ziada hiyo ndiyo tunayoihisi tukisogeza sumaku. Joto huzitikisa atomi. Zikitikiswa vya kutosha, mshikamano unavunjika na kila kisumaku kinaelekea kinakotaka. Pierre Curie aliliandikia jambo hili tasnifu yake huko Paris mwaka 1895, na joto ambalo mshikamano huvunjika tunaliita hadi leo kizingiti cha Curie.

Kila madini yana kizingiti chake, na ndiyo maana kipimo hiki kina manufaa: ukijua jiwe limepoteza usumaku katika nyuzi ngapi, umeanza kujua lina madini gani. Magnetaiti safi huachia kwenye nyuzi 580 za Selsiasi. Hemataiti, ile kutu nyekundu ya miamba, hustahimili hadi karibu 675. Pirotaiti, ambayo ni muungano wa chuma na salfa, huishia 320. Goethaiti, kutu ya manjano inayozaliwa na mvua na hali ya hewa, haifiki mbali, nyuzi 120 tu. Chuma cha kawaida, kama cha msumari, huachia kwenye 770. Andika namba hizi ndani ya jalada la daftari lako, utazihitaji kila mara.

Kuna usumaku wa aina mbili, na ukiuchanganya utapotea. Wa kwanza ni wa kuazima: jiwe huvutwa na sumaku iliyo karibu, na sumaku ikiondoka, nguvu nayo inaondoka. Wa pili ni wa kudumu: jiwe lenyewe ni sumaku dhaifu yenye ncha ya kaskazini na ya kusini, hata likikaa peke yake kabatini. Usumaku wa kudumu ndio kumbukumbu ya jiwe. Zaha hutoka ardhini ikiwa na nyuzi 1,000 na zaidi, haina usumaku wowote. Inapopoa na kushuka chini ya kizingiti, punje zake hujipanga kufuata uga wa sumaku wa dunia ulivyo siku hiyo mahali hapo, kisha zinaganda katika mwelekeo huo.

Kuganda huko hakutokei kwa punje zote mara moja. Louis Néel, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1970, alionyesha mwaka 1949 kwamba ukubwa wa punje, joto na muda huenda pamoja. Punje moja inaweza kutunza mwelekeo wake kwa mamilioni ya miaka katika joto la kawaida, lakini ukiipasha hadi nyuzi 500 ikasahau kwa dakika chache. Punje nyingine ndogo zaidi, za madini hayo hayo, husahau kwenye 200. Kwa hiyo jiwe halina kumbukumbu moja. Lina tabaka za kumbukumbu, kila tabaka na joto lake, na ukilipasha kidogo kidogo unazifuta moja baada ya nyingine.

Jaribio la kwanza: sumaku inarukia lini

Tafuta sumaku. Iliyomo ndani ya spika mbovu inafaa, na ni ya feraiti. Vile visumaku vyenye nguvu kupita kiasi vinavyotoka kwenye diski za kompyuta navyo vinafaa, lakini vingi huanza kuharibika vikipita nyuzi 80, na vikishaharibika havirudi. Kwa sababu hiyo usiigusishe sumaku na jiwe la moto. Ining'inize kwa uzi wa pamba, iwe huru kuyumba, na jiwe ndilo lisogezwe.

Tafuta kipande cha jiwe chenye ukubwa wa harage, kutoka machimbo ya kokoto au kando ya barabara iliyochongwa. Usichukue jiwe ndani ya hifadhi ya taifa wala katika eneo la mambo ya kale bila kibali, hata liwe dogo vipi. Chagua jiwe zito, jeusi na lenye punje laini. Mawe mepesi yenye matundu mengi nayo hufanya kazi, ila huvutwa kwa udhaifu. Lifunge kwa waya mwembamba wa shaba, ule wa ndani ya nyaya za umeme. Shaba haivutwi na sumaku, na haiyeyuki mpaka nyuzi 1,085.

Kabla ya moto, jiwe likae juani siku nzima. Jiwe lenye unyevu likitiwa ghafla motoni hupasuka na kurusha vipande. Vaa miwani, tumia koleo, na fanya kazi nje, kwa maana mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Jiko la mkaa likipulizwa vizuri kwa mvukuto hupita nyuzi 700 bila shida.

Pasha jiwe mpaka liwe jekundu waziwazi. Kisha litoe, ulisogeze karibu na sumaku inayoning'inia, umbali wa upana wa kidole, na utulie. Mwanzoni hakuna kitu. Jiwe linafifia, sumaku imesimama kana kwamba mbele yake kuna kipande cha mbao. Halafu, ghafla, sumaku inalirukia, na hapo ndipo jiwe limevuka kizingiti likishuka. Vuta mkono upesi kabla havijagusana.

Fanya jambo hili jioni, kiza kikiwa kimeingia, kwa kuwa macho yako ndiyo kipimajoto chako. Wekundu hafifu unaoonekana gizani tu huanzia takriban nyuzi 500 hadi 550. Wekundu wa kuonekana hata kwenye mwanga mdogo ni wa juu zaidi. Ukitaka alama iliyo sahihi zaidi, weka kipande cha waya wa aluminiamu juu ya kigae kando ya jiwe: aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660, yaani juu ya kizingiti cha magnetaiti na chini kidogo ya kile cha hemataiti. Kuna wanaotumia risasi, inayoyeyuka kwenye 327. Mimi siishauri, mvuke wake ni sumu na watoto hupenda kusogea.

Rudia kwa msumari. Utaona sumaku inaurukia msumari ungali mwekundu kabisa, kwa sababu chuma kinarudisha usumaku kwenye 770. Wahunzi wa zamani na wa sasa hulitumia jambo hili: chuma kikiacha kuvutwa na sumaku, wanajua kimekaribia joto la kukichovya majini ili kiwe kigumu. Linganisha sasa. Jiwe likivutwa wakati wekundu unatoweka au umetoweka punde, lina magnetaiti iliyo karibu na usafi. Likivutwa baadaye sana, limeshakuwa jeusi na bado unahesabu, basi magnetaiti yake imechanganyika na titani.

Kuna hila moja ya kujihadhari nayo. Ukitaka kutenganisha punje za sumaku, utaliponda jiwe, utaifunga sumaku kwenye mfuko wa plastiki na kuipitisha juu ya unga. Ukiponda kwa nyundo ya chuma juu ya chuma, vumbi la nyundo litaingia kwenye sampuli, nalo ni sumaku kuliko jiwe lenyewe. Dalili yake ni hiyo hiyo ya msumari: kitu kinavutwa kingali chekundu. Katika mawe ya kawaida ya volkano hakuna kinachofanya hivyo. Ponda jiwe kwa jiwe, au tumia kinu cha mbao.

Titani ndiyo inayoharibu hesabu

Vitabu vya shule vikigusa somo hili huishia kwenye namba 580, na mwanafunzi hutoka akiamini kwamba kila jiwe la volkano litasahau hapo. Ukweli ni tofauti. Zaha nyingi za aina ya basalti huzaa titanomagnetaiti, yaani magnetaiti ambayo nafasi za baadhi ya atomi za chuma zimekaliwa na titani. Titani haina usumaku wa kuchangia, kwa hiyo kadiri inavyoongezeka, mshikamano unalegea na kizingiti kinashuka. Mchanganyiko ulio wa kawaida katika basalti, wenye titani nyingi, huachia usumaku kati ya nyuzi 150 na 200 tu. Joto hilo halizidi la tanuri la mikate.

Sasa angalia kinachotokea zaha inapopoa. Ikipoa ghafla, kama inapoingia majini au kama ngozi ya juu inayogusa hewa, titani hubaki ilipo na kizingiti hubaki chini. Ikipoa polepole ikiwa nene, ndani ikiwa na joto kubwa na oksijeni inapenya kwenye nyufa, punje hujigawa: titani hukusanyika kwenye vibamba vyembamba vya ilmenaiti, na katikati inabaki magnetaiti karibu safi. Punje hiyo hiyo iliyozaliwa na kizingiti cha 200 sasa ina kizingiti cha 550 au zaidi. Ikiendelea kuoksidishwa, huishia kuwa hemataiti, na jiwe huanza kuwa na wekundu.

Maana yake kwa mpimaji ni kwamba mkondo mmoja wa zaha, uliotoka siku moja kwenye ufa mmoja, unaweza kukupa majibu matatu. Ukiwa Goma, ambako zaha ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mnamo Januari 2002 hadi ikafika Ziwa Kivu, usiokote jiwe moja ukasema umepima mkondo ule. Chukua la ngozi ya juu lenye mng'ao wa kioo, chukua la katikati lililo zito, na chukua la chini karibu na udongo. Andika urefu kutoka chini kwa kila kipande. Tofauti utakayoiona kati yao ni historia ya upoaji wa mkondo huo, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa ya kipimo chenyewe.

Kuna zaha moja ambayo haifai kwa kazi hii ingawa ni maarufu kuliko zote katika eneo letu. Ni ile ya Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania. Hutoka ikiwa na nyuzi kati ya 500 na 600 hivi, nusu ya joto la basalti, yaani huzaliwa karibu na kizingiti chenyewe cha magnetaiti. Inavutia kuifikiria, lakini imejaa kaboneti za sodiamu na kalisi, yakiwemo madini ya nyerereaiti yaliyopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, na ikikutana na unyevu hubadilika kutoka nyeusi kuwa nyeupe na kumomonyoka. Chuma chake ni kidogo. Iache ilipo.

Jaribio la pili: kuliandikia jiwe kumbukumbu mpya

Jaribio hili linahitaji subira na dira nyepesi. Chukua jiwe la ukubwa wa yai, au kipande cha tofali la kuchoma ukikosa. Weka dira mezani mbali na chuma chochote, simu ikiwemo. Lizungushe jiwe karibu na dira, ubavu mmoja baada ya mwingine, bila kuigusa. Ubavu unaoisukuma ncha ya kaskazini ya sindano uuwekee alama ya chaki. Kama kila upande unaivuta sindano sawasawa na hakuna unaoisukuma, usumaku ulioko ni wa kuazima karibu wote, tafuta jiwe jingine lenye punje laini zaidi.

Lipashe jiwe taratibu, kwa saa moja au zaidi, mpaka liwe jekundu hadi ndani. Tumia mafiga au jiko la udongo, kwa sababu jiko la bati lina uga wake. Jiwe likiwa bado jekundu, litoe na uliweke juu ya rundo la majivu, mita mbili au tatu kutoka kwenye chuma chochote, na ubavu uliouchagua uelekee kaskazini. Chaki itakuwa imekwisha kufutika, kwa hiyo chagua umbo lisilokuchanganya, au chora mkwaruzo mapema. Usiliguse mpaka lipoe kabisa.

Ubavu ulioelekea kaskazini sasa ndio utakaoisukuma ncha ya kaskazini ya sindano. Mwendo wake ni digrii chache tu, usitarajie sindano izunguke. Uga wa dunia katika Afrika Mashariki ni miongoni mwa ile iliyo dhaifu duniani, takriban maikrotesla 33, wakati karibu na ncha za dunia hupita 60. Kisha lipashe tena na ulipoze likielekea kusini. Alama itageuka. Umefanya kwa mikono yako kile ambacho zaha hukifanya yenyewe kila mlima unapotapika.

Ukipasha jiwe hadi nyuzi 300 tu na kulipoza likiwa limegeuzwa, utapata jambo jingine: kumbukumbu ya zamani na mpya zikikaa pamoja ndani ya jiwe moja, ya zamani katika punje zilizohitaji joto zaidi, mpya katika zile zilizofutwa. Dira haitakuonyesha mgawanyo huo, maabara itakuonyesha.

Kwa njia hiyo wataalamu wamepima joto la mawimbi ya majivu yaliyoufunika mji wa Pompeii, Italia, mwaka 79. Walichukua vipande vya mawe na vigae vilivyobebwa ndani ya majivu. Katika joto la juu kila kipande kilikuwa na mwelekeo wake, kwa kuwa kilivingirishwa na hakikufikia joto la kusahau kila kitu. Katika joto la chini vyote vilikubaliana. Mahali mwelekeo unapobadilika ndipo joto la wimbi lilipokuwa, nalo lilitofautiana kutegemea mahali. Miamba ya majivu yaliyoshikamana inayozunguka kreta ya Menengai, juu ya mji wa Nakuru, ni aina ya mahali ambapo mwanafunzi wa kwetu angeweza kuijaribu njia hii.

Ukitoka kwenda kuchukua sampuli

Jiwe lililookotwa chini linafaa kwa kizingiti cha Curie lakini halifai kwa mwelekeo. Ukitaka kujua uga wa zamani ulielekea wapi, jiwe lazima litoke kwenye mwamba uliosimama mahali pake, na kabla hujalitoa ulichoree mshale wa kaskazini na alama ya upande wa juu. Bila alama hizo umebeba kokoto.

Juu ya mwamba wa volkano dira inaweza kudanganya. Simama, soma dira, kisha rudi nyuma hatua kumi na usome tena ukilenga kitu kile kile cha mbali. Namba zikitofautiana, mwamba unaingilia, na itakubidi utumie jua au alama za mbali zilizoko kwenye ramani. Epuka vilele na migongo ya vilima. Radi hupenda kupiga hapo, na mkondo wake wa umeme huacha usumaku mkali unaofunika ule wa asili. Sehemu iliyopigwa na radi hujulikana kwa dira: ukiisogeza juu ya mwamba, sindano inayumba huku na huko ndani ya mita moja.

Ukikuta zaha imekaa juu ya udongo ulioungua ukawa mwekundu, umepata mahali pa thamani. Chukua sampuli za vyote viwili. Bernard Brunhes alifanya hivyo Ufaransa, karibu na Pontfarein, na mwaka 1906 akatangaza kwamba zaha na udongo ulioungua chini yake vyote vilielekea kinyume cha dira ya leo. Udongo na zaha havina madini sawa, hivyo vikikubaliana, ushahidi ni wa uga wenyewe. Motonori Matuyama aliongeza ushahidi wa Japani mwaka 1929, na kwetu basalti iliyo chini kabisa ya Bonde la Olduvai ilichangia kwa namna yake: C. S. Grommé na Richard Hay waliripoti mwaka 1963 kwamba inaelekea kama leo, ingawa ilitoka katika zama ambazo kwa kawaida uga ulikuwa umegeuka. Kipindi hicho, takriban kati ya miaka milioni 1.95 na 1.77 iliyopita, sasa kinaitwa Olduvai na wanajiolojia wa dunia nzima, wanapopima tope la bahari ya Pasifiki au la Italia.

Kusoma grafu ya maabara

Maabara itapasha unga wako kidogo kidogo, mara nyingi kutoka joto la chumba hadi nyuzi 700, ikipima jinsi unavyoitikia sumaku, kisha itaupoza ikiendelea kupima. Utapata mistari miwili, mmoja wa kupanda na mmoja wa kushuka. Anza kwa kuilinganisha kabla hujasoma namba yoyote.

Mistari ikipita njia moja, una bahati. Madini hayakubadilika, na joto ambalo mstari unaanguka ndilo kizingiti. Usishtuke ukiona mstari unapanda kidogo kabla ya kuanguka. John Hopkinson aliliona hilo mwaka 1889: karibu na kizingiti visumaku vinakuwa vyepesi kugeuzwa, hivyo jiwe huitikia zaidi kwa kitambo kabla ya kuachia.

Mstari wa kushuka ukiwa chini ya ule wa kupanda, kuna madini yaliyokufa motoni. Mara nyingi ni maghemaiti, magnetaiti iliyozeeka kwa maji na hewa, ambayo kati ya nyuzi 300 na 450 hivi hugeuka kuwa hemataiti iliyo dhaifu. Mawe yaliyokaa kwenye mvua nyingi za mlimani yamejaa kitu hiki. Anguko lake kwenye 350 si kizingiti cha Curie, ni kifo cha madini, na mtu anayesoma mstari wa kupanda peke yake ataandika jina la madini ambayo hayamo.

Mstari wa kushuka ukiwa juu, maabara imetengeneza magnetaiti mpya. Udongo wenye chuma, pirotaiti na kaboneti za chuma hufanya hivyo zikipita nyuzi 400 au 500. Hapo utaona jiwe lina 580 safi linapopoa, na hiyo 580 ni ya tanuri, si ya volkano. Kupasha ndani ya gesi ya agoni hupunguza tatizo la kuoksidishwa lakini hakulimalizi. Dawa ni kuomba hatua: pasha hadi 200 na upoze, chukua unga mpya hadi 300 na upoze, uendelee hivyo. Hatua ambayo mistari inaanza kuachana ndiyo mpaka wa kuaminika. Émile na Odette Thellier, katika njia yao ya mwaka 1959 ya kupima nguvu ya uga wa zamani, walijenga ukaguzi wa aina hii ndani ya kipimo chenyewe, wakirudia joto la chini kila baada ya muda ili kuona kama jiwe limebadilika.

Maabara yenye naitrojeni ya majimaji inaweza pia kukuonyesha upande wa baridi. Magnetaiti safi hubadili mpangilio wa fuwele zake kwenye nyuzi 153 chini ya sifuri, na badiliko hilo huonekana kama ngazi kwenye mstari. Titani kidogo tu au kuzeeka huififisha ngazi hiyo. Ni kipimo kizuri, kwa sababu hakiharibu jiwe.

Neno moja kwa wanaofuatilia nishati ya jotoardhi. Kwenye ramani za usumaku za maeneo kama Olkaria huko Kenya, ambako umeme umezalishwa tangu 1981, sehemu dhaifu hufasiriwa haraka kwamba joto limeua usumaku. Visima vya huko hukutana na nyuzi mia tatu na kitu, mbali na 580. Joto hilo linatosha kuzima titanomagnetaiti yenye titani nyingi, lakini haliwezi kuzima magnetaiti safi. Kinachoimaliza magnetaiti ni maji ya moto yenye gesi ya salfa, yanayoigeuza kuwa pairaiti. Hilo ni badiliko la kemia, na hubaki hata eneo likipoa, kwa hiyo doa dhaifu kwenye ramani linaweza kuwa la moto wa leo au la moto uliozimika zamani. Sampuli za kisima zikipashwa na kupozwa zitakuambia ni lipi.

Kwa hiyo unapojaza fomu ya maabara, andika wazi kwamba unataka mistari yote miwili na hatua za joto, taja kama jiwe lilipondwa kwa chuma, na bakiza nusu ya sampuli ambayo haijaonja moto. Ukiletewa grafu yenye mstari mmoja wa kupanda, irudishe uombe kipimo kipya.